Mtafuta Wateja Anatafutwa

Kamini Pillai alianza kazi kwetu Walu Bay, mtaa wa viwanda kando ya bandari, msimu wa mvua, na kwa muda mrefu hatukujua habari zake zaidi ya kwamba alitokea upande wa Labasa, kisiwa kingine, na hakupenda kukaa akiwa ameupa mlango mgongo. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo. Tulikuwa tunauza na kufunga vyumba vya baridi na majokofu makubwa kwa mahoteli na wafanyabiashara wa samaki. Mimi nilikuwa fundi. Yeye aliajiriwa kutafuta wateja wapya kwa simu.

Kabla hajaja, bosi wetu Hemant alikuwa akiwaandikia mameneja wakuu wa mahoteli, nao hawamjibu. Kamini alimwambia meneja mkuu hachagui jokofu. Anayechagua ni yule anayeamshwa usingizini jokofu likifa. Basi kazi ni kumjua mtu huyo, anaitwa nani na wakati gani anashika simu mwenyewe. Alisoma matangazo ya kazi na ya misiba magazetini. Alichungulia picha za mashindano ya raga yaliyodhaminiwa na mahoteli, akajua nani kapandishwa cheo na nani kahamia hoteli za Nadi. Kisha alipiga simu mapokezi kwa sauti ya mtu aliyezoeleka pale.

"Samahani dada, juzi nilikuwa naongea na yule bwana wa matengenezo, jina limenitoka kabisa. Leo anatoka saa ngapi, nisije nikamkosa?"

Mara nyingi alipewa kila kitu, jina, zamu, hata njia anayopita akirudi kwake. Losalini, dada wa mapokezi yetu, mwenyeji wa Rewa ambaye kicheko chake kilitufikia mpaka karakana, alimtania kwamba angekuwa mwizi, mji mzima ungelala macho. Kamini alitabasamu akarudi kwenye simu yake.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba kule Labasa alikuwa na mume. Jina lake Dharmen, ana malori ya kubeba miwa, na nje ya nyumba ni mtu mpole wa kupigiwa mfano. Ndani alimpiga Kamini miaka na miaka, na mara moja alimfungia katika ghala la mbolea mpaka majirani wakasikia anavyogonga. Mahakama ilimpa Dharmen amri asimsogelee. Kamini akavuka kwa meli na begi moja, akaja kwa mama yake mdogo kule Nasinu, akarudia jina la ukoo wa mama yake. Alidhani maji yale kati ya visiwa viwili yanatosha.

Kisha akapata mteja mkubwa, kampuni ya kusafirisha samaki ambayo Hemant alikuwa ameihangaikia mpaka akakata tamaa. Bosi kwa furaha akampiga picha mbele ya chumba kipya cha baridi, akaiweka kwenye ukurasa wa kampuni mtandaoni bila kumuuliza. Kamini aliiona wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa nimekaa naye mezani. Aliirudisha roti yake, ile chapati ya Kihindi, kwenye karatasi polepole, akanawa mikono, akaenda ofisini kwa bosi.

Alimwomba aiondoe. Hemant akashangaa, akasema watu hununua kwa sura wanayoijua, na yeye sasa ndiye sura ya kampuni.

"Bosi, nakuomba. Usiniulize kwa nini."

Aliiondoa kesho yake asubuhi, akinung'unika. Lakini watu walikwisha kuisambaza huku na huku, wengine wakiongeza hongera.

Siku zilizofuata Kamini alibadilika. Alishuka kituo kimoja kabla ya chake, kesho yake akashuka kimoja baada. Simu ya mezani ikilia alikuwa anaiacha ilie kwanza, na kwa mtu anayekula kwa simu hilo ni jambo la ajabu. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema mvua tu.

Halafu Losalini akaja mezani kwake, uso umechanua.

"Dada, una mteja. Bwana mmoja wa hoteli kule Savusavu kapiga simu, anataka chumba cha baridi. Ana adabu huyo mtu, we acha tu."

Kamini akamuuliza hoteli gani. Losalini hakukumbuka, alidhani hakuitaja. Aliuliza ukubwa wa chumba? Hapana. Aliuliza bei, au muda wa kufunga? Hapana.

"Sasa aliuliza nini?"

"Alisema mlikuwa mnaongea juzi, jina lako limemtoka. Nikamwambia Kamini. Akauliza jioni unatoka saa ngapi, asije akakukosa."

Kamini alishika ukingo wa meza. Maneno yale alikuwa akiyatumia yeye kila siku, na alijua vizuri mtu akiyasema kwa utulivu ule huwa amebakiza nini. Amebakiza kuja tu.

"Ukamwambia?"

Tabasamu lilikuwa limemtoka Losalini, na alianza kulia kabla hajaelezwa analia nini.

Hapo Kamini alifanya kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka kwa heshima. Akavuta simu, akapiga kituo cha polisi. Hakueleza shida yake kwa aliyepokea. Aliuliza kwa jina ni afisa gani anayeshughulikia wanaume waliovunja amri ya mahakama, na anapatikana wapi saa hiyo. Akapewa Sajini Unaisi. Alipompata, sauti ikamkatika katikati, akaanza upya. Sajini akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asibaki peke yake na asiwafiche watu wa kazini. Hilo la pili ndilo lililomwogopesha zaidi. Alitueleza akiwa amesimama, mimi, Losalini na Hemant, akitazama sakafu. Hemant alikaa chini.

Dharmen alikuja Alhamisi. Shati limepigwa pasi, mkononi boksi la peremende za maziwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa karakana nimeshika spana. Kamini alikuwa ndani ya stoo na Hemant, mlango umefungwa kwa ndani.

"Dada yangu, namuulizia Kamini. Ananitarajia."

"Kamini yupi, kaka?" Losalini aliuliza, kalamu mkononi. "Wa mauzo ama wa hesabu?"

Kwetu hakukuwa na Kamini wa hesabu. Alisema wa mauzo. Losalini akamwambia yuko kwa mteja, akamuuliza hoteli yake ni ipi, vyumba vingapi, umeme wa jenereta au wa gridi, fundi wake nani. Kila swali lilimrudisha Dharmen nyuma kidogo. Chini ya meza vidole vya Losalini vilikuwa vimekwisha kubonyeza namba ya Sajini.

Mwisho Dharmen akaweka boksi mezani, akainama, akasema taratibu, "Mwambie mume wake kamfuata. Nitakaa hapa mpaka atoke."

"Kaa, kaka. Kiti kile pale," Losalini alisema.

Akakaa. Nilisikia majokofu ya maonyesho yakinguruma, na kule stoo hakikusikika hata kikohozi. Polisi walipoingia alisimama akawaamkia kwa heshima, akasema kuna kutoelewana kidogo tu kwa familia. Sajini alimsomea amri ile kwa jina lake kamili. Alipopitishwa karibu na stoo aliita jina la Kamini mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chai. Hemant alituambia baadaye kwamba Kamini alipoisikia alijikunja sakafuni, akajiziba masikio.

Dharmen alifungwa, si kwa muda mrefu. Akarudi kwenye malori yake. Kamini alihama Nasinu, na ni sisi watatu tu tunaojua alikohamia. Bado anatafuta wateja, na bado ni hodari, ila siku hizi haulizi mtu anatoka saa ngapi. Huacha namba yake, akasubiri apigiwe. Wateja wamepungua kidogo na Hemant hajalalamika.

Jana mlango wa mbele ulifunguka ghafla kwa upepo. Kamini alikuwa ameinuka kitini kabla sijageuza shingo.