Fundi Anayeacha Kiraka Bila Rangi

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mlango wa mbele uko wazi na mwenye nyumba amesimama ndani, anamwona fundi kabisa. Hata hivyo fundi anabisha hodi, anangoja aitwe, ndipo anaingia polepole, mikono nyuma, kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapa. Wiki hii pekee amefika mara tatu.

"Leo mimi si fundi, mama," anasema. "Leo ni mnunuzi, tena mwenye gubu."

Anasukuma mlango kwa kidole kimoja, bawaba inalia. Anafungua bomba la jikoni na kulifunga, linaendelea kudondosha. Anaketi sebuleni na kutazama dari, kama mgeni anavyoitazama akiishiwa na la kusema. Mwisho anaingia chumba cha nyuma, anafumba macho na kunusa. Anaweka kiganja ukutani chini ya dirisha, na kukiacha hapo kwa muda mrefu kama aliyekisahau.

"Hapa ndipo penye maneno," anasema.

Ni kwa mtindo huo watu wakamwita Kiganja, na jina lake la kuzaliwa sasa limebaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mkewe akikasirika. Ana umri wa miaka hamsini na minane. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa moja: kutengeneza nyumba zinazotaka kuuzwa. Amekwisha kushughulikia nyumba arobaini na moja. Ikija kazi kubwa, malipo yake humtosha mwezi mzima. Lakini kila mwaka kuna miezi mitatu au minne ambayo simu yake hulia kwa salamu tu.

"Fundi wa kujenga huitwa na mtu mwenye furaha," anaeleza. "Mimi huitwa na mtu mwenye haraka."

Mwenye nyumba hii ana kila sababu ya haraka. Ni muuguzi mstaafu wa miaka sabini na mitatu, mjane, na nyumba yake imeinuka juu ya ngazi kumi na moja. Magoti yake yamegoma. Akishuka asubuhi kwenda dukani, hufikiria kupanda kwake kabla hajafika chini. Binti yake amempatia vyumba viwili kwenye ardhi tambarare, jirani na kwake, na mwenye vyumba amekubali kumngojea hadi mwisho wa mwezi, si zaidi. Bila kuuza, hawezi kuvichukua.

Wanunuzi wawili walishakuja. Wa kwanza alisema atapiga simu. Wa pili alichungulia chumba cha nyuma, akavuta hewa mara moja, akakumbuka kwamba ana safari. Wa tatu atakuja Jumamosi ya wiki ijayo.

Mama muuguzi alitaka marumaru mpya sebuleni na mlango wa mbele wa kuchongwa nakshi. Kiganja alimkatalia. Alimwambia asimnunulie marumaru mtu asiyemjua, maana atazing'oa aweke anazozipenda mkewe. Badala yake alitia bawaba mafuta, akabadilisha mpira wa bomba uliochakaa, akapiga randa mlango wa bafu uliokuwa ukikwaruza sakafu, akasafisha mfereji wa paa uliojaa majani, akaweka balbu kila mahali pasipokuwa na balbu. Vitu vidogo, vya siku nne.

"Mnunuzi akiona bomba linadondosha, halioni bomba," anasema. "Anajiuliza, kama hili linaloonekana liliwashinda, yale yaliyofichika je?"

Katika nyumba hii lililofichika lilikuwa moja. Alipobomoa plasta chini ya dirisha la chumba cha nyuma, alikuta bomba la kwenda bafuni limelegea kwenye kiungo, likilia machozi ndani ya ukuta, huenda kwa miaka. Kulibadilisha ilikuwa kazi ya nusu siku. Akapiga plasta mpya. Lakini matofali yalikuwa yamekunywa maji hadi yakashiba, na ukuta wa namna hiyo, kwa hesabu yake, huhitaji wiki tatu kukauka kabla ya kuonja rangi. Mnunuzi angekuja baada ya siku tisa.

Hapo ndipo alipoingia mwana mkubwa wa mama huyo, karani wa ghala, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye kuangalia saa kila mara. Alifika jioni moja akitoka kazini, akaukuta ukuta una doa la kijivu kama ramani, akauliza rangi iko wapi. Kiganja akamjibu kwamba chumba chote kitapakwa isipokuwa hapo. Pale ataacha kiraka cha mraba, upana wa mlango wa kabati, bila rangi, ili mnunuzi akiguse kwa mkono wake na aelezwe kilichotokea.

"Fundi, tumekuita ufiche aibu au uitangaze?" aliuliza karani.

"Mmeniita niitengeneze, bwana. Imetengenezwa. Sasa inakauka."

Karani alicheka bila furaha, akasema kwamba tangu azaliwe hajaona mtu akiuza shati huku akionyesha kiraka. Kiganja naye akasema shati akilivaa mtu hulivua jioni, lakini nyumba, mtu hulala ndani yake.

Ukaidi huo una historia, na yeye mwenyewe haifichi. Miaka kumi na miwili iliyopita aliitwa kwenye nyumba yenye ukuta kama huu. Muuzaji alitaka upesi, naye alikuwa na miezi miwili bila kazi. Akapiga rangi ya mafuta juu ya unyevu, mipako mitatu, ukuta ukang'aa kama sahani. Nyumba ikauzwa ndani ya juma moja, akasifiwa.

Mvua za mwaka uliofuata, mama mmoja mwenye watoto wadogo alimpigia simu. Alipewa namba yake na jirani, na alitaka fundi wa ukuta. Dalali ndiye aliyeshughulikia mauzo yale, kwa hiyo Kiganja hakuwa amemwona mnunuzi, na barabara mpya ilikuwa imefunguliwa upande wa pili, akaifikia nyumba kwa lango jingine. Hakuijua nyumba mpaka alipoingia chumbani. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka vipande vipande, ukungu mweusi umetanda nyuma yake. Akaokota kipande kimoja sakafuni.

"Ilikuwa krimu niliyoichanganya mimi mwenyewe, makopo mawili ya nyeupe na kikombe cha njano," anasema. "Niliitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake."

Alimwambia yule mama ukweli palepale. Alifanya kazi siku tano bila malipo, na siku ya mwisho mama yule alimfungulia lango bila neno. Hajampigia tena. Kiganja anasema hiyo ni haki yake.

Jumamosi iliyongojewa inafika. Saa moja unusu asubuhi Kiganja anapanda zile ngazi kumi na moja kuja kufagia mara ya mwisho. Anabisha hodi, anaingia chumba cha nyuma, anasimama.

Kiraka hakipo. Ukuta wote ni mweupe, na pale chini ya dirisha weupe una michirizi ya brashi ya mtu asiyezoea. Karani yuko mlangoni, na rangi iko hata kwenye saa yake. Alikuja jana jioni baada ya fundi kuondoka, akatumia kopo lililosalia.

Hajitetei sana. Anasema wanunuzi wawili wameshatoroka, na wa tatu akitoroka mama yake ataendelea kupanda ngazi hizi mpaka siku atakayoanguka. Anasema hivyo akiwa ameinamisha kichwa. Kiganja anakiri kwamba hofu hiyo ni ya kweli. Ila nyumba, anasema, si yake wala ya karani. Aulizwe mwenyewe.

Mama muuguzi anakuja akijishikiza ukutani. Anatazama weupe, anamtazama mwanawe, kisha anauliza hao wanaokuja ni akina nani. Karani anajibu kwamba ni dereva wa lori na mkewe mshonaji, wana mtoto wa miaka miwili.

"Chumba hiki watamweka nani?"

Karani anatazama chini ya dirisha.

"Mwanao alipokuwa akilala hapa likizo, alikuwa akikohoa," anasema mama. "Mimi muuguzi wa miaka thelathini na minne, nikampa dawa ya kikohozi, nikamfunika blanketi, nikafunga na dirisha. Kumbe ni ukuta. Kwangueni."

Wanakwangua wote wawili, fundi kwa mwiko na karani kwa kisu cha jikoni. Rangi haijashika vizuri. Inatoka laini kama utando wa maziwa. Kufikia saa tatu kiraka kimerudi, safari hii kikiwa na kingo mbaya, na karani ana vumbi hadi kwenye nyusi. Kiganja anamwambia akichoka na ghala aje, nafasi ya kukwangua ipo.

Wanunuzi wanafika saa nne. Dereva anapenda mahali pa kuegesha gari. Mkewe anafungua mabomba yote, anayafunga, anasikiliza. Chumba cha nyuma anasimama mbele ya kiraka na kuuliza hiki ni nini.

Kiganja anaeleza bila kupunguza: bomba lililovuja, kiungo kipya, ukuta unaokauka. Anamwambia arudi baada ya siku kumi na mbili aweke mkono. Ukiwa baridi na mzito kama nguo isiyokauka, asinunue. Mshonaji anaweka kiganja, anakipapasa kiraka kama kitambaa anachotaka kukipima. Mumewe anatoa shukrani. Wanashuka ngazi. Karani anatazama saa yenye rangi.

Simu ya dalali wa nyumba hii inakuja alasiri. Watu wale wameitaka nyumba, kwa sharti moja: kiraka kisiguswe mpaka mama wa mtoto arudi.

Siku ya kumi na mbili mshonaji anarudi peke yake. Anaweka kiganja, kisha anageuka na kuweka shavu. Doa la kijivu limekuwa jeupe kama chaki. Kiganja anainama kuchukua brashi, lakini mwanamke anamzuia. Anasema ataipaka mwenyewe, rangi anayoipenda mwanawe.

Mama muuguzi alihamia vyumba vyake vya chini siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Karani alibeba kitanda. Kiganja alibeba mlango wa kabati uliotoka bawaba njiani, akaurudisha bila kuulizwa.

Sasa simu yake imenyamaza tena, na safari hii anasema ananyamaza nayo. Mpango wake ni nyumba yake mwenyewe. Mlango wa jikoni haufungiki vizuri tangu mtoto wake wa mwisho aanze shule, na mtoto huyo sasa amemaliza. Mkewe amewahi kubandika kwenye lango kipande cha boksi kilichoandikwa kwamba nyumba inauzwa, akitumaini mumewe atakiona na kuanza kazi.

"Nataka niitengeneze bila kuiuza," anasema Kiganja. "Sijawahi. Nyumba arobaini na mbili, na kila nikimaliza, anayefurahia mlango ni mwingine."

Jumatatu asubuhi anaanza kama anavyoanza kila kazi. Anatoka nje, anafunga mlango, anashusha pumzi na kubisha hodi.

"Nani?" anauliza mkewe kutoka jikoni.

"Mnunuzi."

Kisha sufuria inawekwa chini.

"Karibu, baba. Lakini huu wa huku jikoni ukiufungua uunyanyue kidogo. Fundi wetu bado hajafika."