Boliti Iliyokatikia Mkononi Mwake

Kabla hatujaanza kumwita Mama Kutu, alikuwa msichana mwembamba aliyekaa juu ya tairi kuukuu mlangoni mwa gereji ya baba yake, akifanya hesabu za shule kwenye daftari lenye alama za grisi. Duka langu la vipuri linatazamana na gereji ile, barabara tu ndiyo inatutenganisha. Kwa hiyo mengi ya maisha yake niliyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki alinisimulia mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kigoda changu, soda mkononi.

Baba yake tulimwita Fundi Mkubwa. Si kwa umbo, maana alikuwa mfupi kiasi kwamba akiinama kwenye injini ya lori ulibaki unaona viatu tu. Ukubwa wake ulikuwa wa kazi. Mkewe alifariki mapema, akamwachia watoto wawili: huyu binti, na mdogo wake wa kiume. Yule wa kiume hakuipenda gereji hata siku moja. Ukimtuma spana alileta koleo, ukimtuma koleo alipotelea uwanjani kucheza mpira. Binti ndiye aliyebaki, akajifunza kila kitu kwa kutazama, kisha kwa kushika, kisha kwa kuungua vidole.

Kazi iliyompa jina ni ile inayowakimbiza mafundi wengi, yaani kufungua boliti zilizogoma. Gari likinyeshewa na kulala kwenye tope miaka nenda miaka rudi, kutu huingia kati ya boliti na chuma kilichoishika, vyote viwili vikawa kitu kimoja. Fundi mwenye pupa huchomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akavuta kama anayeng'oa mti. Kinachotoka ni kichwa cha boliti. Mwili unabaki ndani, na hapo ndipo kilio huanza.

Yeye hakuwa na pupa. Alisugua kutu kwa brashi ya waya, akadondoshea mafuta ya kulegeza, akaiacha boliti palepale na kwenda kufanya kazi nyingine. Akirudi aliigonga kichwani kwa nyundo ndogo, ko, ko, ko, ili mafuta yapate njia ya kushuka. Ikiendelea na ukaidi, aliwasha tochi ya gesi akapasha moto chuma kilichoizunguka. Kisha akafanya jambo lililowashangaza wasiojua: alianza kwa kuikaza, kidogo mno, kama unene wa unywele, ndipo akaigeuza upande wa kufungua. Mbele kidogo, nyuma kidogo, huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza maneno ya watu mlangoni.

"Inasema," aliniambia siku moja. "Ikilia kwa sauti nene, inakuja. Ikinyamaza, halafu ukahisi inanyumbuka kama mpira, ujue imeanza kujikata. Hapo unaacha. Ukiendelea, umejitakia."

Mafundi wa gereji nyingine walimletea magari yaliyowashinda. Walikuja wakiangalia pembeni, wakidai eti wamebanwa na kazi. "Kubanwa tunakujua," alikuwa akiwajibu, "na aliyebanwa zaidi ni hiyo boliti." Wakacheka, wakamwachia gari.

Aliolewa na seremala, mtu mpole mwenye mizaha. Seremala alipenda kusema kwamba nyumbani kwao yeye analeta misumari na mkewe analeta boliti, basi wakizaa watoto watakula chuma. Walizaa binti mmoja, na hakula chuma, lakini alikuwa mkaidi kama mama yake.

Miaka hiyo Fundi Mkubwa alikuwa na neno lake moja. "Gereji hii ni ya binti yangu. Mimi nimebaki jina tu." Alilisema mbele ya wateja, mbele ya mkwewe, na mbele yangu mimi nikipima plagi kaunta. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, aliketi kwenye benchi karibu na mlango, akisikiliza injini na kutoa maelekezo. Masikio yake hayakuzeeka. Gari likipita barabarani alijua plagi gani imekufa.

Ndipo yule mdogo, aliyekuwa ameondoka kutafuta pesa, akarudi. Biashara zake za mbali zilikuwa zimekwenda arijojo. Alirudi na viatu vilivyochongoka na maneno mengi. Haukupita muda ndugu wa baba wakakusanyika sebuleni kwa mzee. Wakasema mambo tunayoyajua wote: binti ana nyumba yake, kesho na keshokutwa gereji itakuwa ya ukoo wa seremala, mwana wa kiume hawezi kuhangaika baba yake akiwa na mali. Binti alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa jikoni, mikono bado na weusi wa kazi. Alimtazama baba yake, akingoja lile neno lake moja.

Mzee akasema, "Ninyi ni ndugu. Mtaelewana."

Basi. Wiki hiyohiyo mdogo mtu akatundika kibao kipya juu ya mlango, akaleta meza na kiti cha kuzunguka, na mafundi wakaanza kumwita Meneja. Mama Kutu akawa fundi kama mafundi wengine. Nilimuuliza kama ataondoka.

"Acha awe na kiti," alinijibu. "Mimi nina kazi."

Aliyameza yale, na ningesema aliyazoea, kama si siku ya gari la mwenye bucha.

Mwenye bucha alikuwa na pikapu ya kubebea nyama, gari lililolala nje misimu yote ya mvua. Lilikuwa linanguruma kama simba mwenye mafua, maana moshi ulivuja pale bomba la eksozi linapofungwa kwenye injini. Ili kuziba pale, lazima boliti zote zitoke. Mama Kutu alifungua boneti, akazipapasa moja moja kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hizi zimeota mizizi. Leo nizilaze kwenye mafuta, kesho nizipashe moto. Kesho jioni unachukua gari."

Meneja akatoka kwenye kiti chake. "Dada, mteja anachukua gari adhuhuri."

"Mwambie kesho."

"Nimeshamwahidi."

"Umemwahidi mkono wa nani?"

Mafundi wakaangua kicheko. Hata mwenye bucha akacheka, tumbo likamtikisika. Naamini hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Meneja angeweza kuvumilia kila kitu isipokuwa kuchekwa.

"Hapa kuna meneja mmoja," akasema, uso umembadilika. "Kama huwezi, sema huwezi." Akaokota bomba refu lililokuwa limeegemea ukuta, akalichomeka kwenye spana, akainama kwenye injini mwenyewe, na viatu vyake vilivyochongoka.

Mama Kutu alijua mdogo wake akivuta, zitakatika zote. Akamnyang'anya spana. "Toka. Bora niharakishe mimi kuliko uvute wewe."

Akaanza. Mafuta, nyundo, moto, mafuta tena, moshi ukampanda usoni. Ya kwanza ikalia, ikaja. Ya pili ikaja. Watu wakasogea kutazama. Kila moja ilipotoka mwenye bucha alipiga makofi, na Meneja alisema, "Si unaona? Kumbe ulikuwa uvivu tu." Mama Kutu alihamia boliti iliyofuata. Jasho lilimtiririka hadi kwenye viwiko.

Ikabaki moja, ile ya nyuma kabisa, imejificha karibu na bomba la mafuta ya breki, mahali ambapo huwezi kuingiza moto bila kuunguza gari zima. Aliigonga sana. Akaikaza kidogo, akaigeuza. Ikasogea, ikalia, ikanyamaza. Halafu akahisi inanyumbuka.

Akaacha kuvuta. "Hii inajikata. Iachwe mpaka kesho."

"Vuta!"

"Nimekwambia inajikata."

Meneja akajipenyeza ubavuni mwake, akaweka mkono wake juu ya mkono wa dada yake uliokuwa bado kwenye spana, akavuta kwa uzito wake wote.

Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu anayevunja penseli. Mimi nilikuwa nimevuka barabara kuleta gasketi mpya ya kuzibia bomba, nimesimama hatua chache tu kutoka pale. Niliuona ule mkono juu ya mkono.

"Nani amevunja?" mwenye bucha akauliza.

"Dada ameivunja," Meneja akasema. Alisema haraka, kama jibu lilikuwa limeandaliwa mdomoni.

Mama Kutu aligeuka kwa baba yake, aliyekuwa kwenye benchi lake, karibu kiasi kwamba cheche za tochi zilikuwa zikimfikia miguuni. Ndiye yule mzee aliyetambua plagi iliyokufa kwa mlio wa gari linalopita.

"Baba, sema."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena ingawa haikumsaidia kuona.

"Boliti hukatika, wanangu," akasema. "Ni chuma tu."

Mama Kutu alisimama pale kwa muda, spana mkononi, kama anayengoja sentensi iishe. Kisha akaiweka juu ya betri, akanawa mikono kwa petroli, akavuka barabara na kupita mbele ya duka langu bila kugeuza shingo. Hakurudi tena kufanya kazi mle.

Boliti ile Meneja aliwapa mafundi waitoboe kwa drili. Drili iliteleza, ikala injini. Pikapu ikakaa pale mpaka nyama ikatafutiwa gari lingine, na mwenye bucha, ambaye mtaa mzima unapita kwenye kaunta yake, akawa anakata nyama huku anasimulia jinsi yule mwanamke alivyomvunjia gari. Mimi nilijaribu kuwaambia watu nilichokiona. Nikawaambia mkono wa mdogo wake ulikuwa juu ya wake. Wote walinijibu neno lilelile: "Baba yake mzazi alikuwepo. Mbona yeye hakusema?"

Nikarudi nyuma ya kaunta yangu.

Seremala alimsafishia mkewe kona nyuma ya karakana yake, kati ya mbao na maranda, akaweka paa la bati. Wateja walikuja mmojammoja, wengi wao wa baiskeli na mikokoteni. Mafundi waliokuwa wakimletea magari wakiangalia pembeni sasa walipita wakiangalia mbele. Kwa mwanamume boliti ikikatika, ni boliti mbovu. Kwake, ikawa ni mkono mbovu.

Mzee alipoanguka na kuwa wa kitandani, Meneja alimweka chumba cha nyuma na kusema kazi zimemzidi. Aliyemwosha, aliyemgeuza, aliyemlisha uji kijiko kwa kijiko alikuwa binti yake. Alikwenda kila alasiri akiacha kona yake imefungwa. Walizungumza habari za hali ya hewa, dawa, na mjukuu. Ile siku hawakuigusa.

Hadi alasiri moja, akimkata kucha. Mzee alikuwa amefumba macho, mkono wake umelala juu ya goti la binti yake.

"Siku ile nilisikia," akasema. "Wewe uliacha kuvuta. Mkono uliovuta haukuwa wako."

Kiwembe kikasimama. "Ulijua?"

"Nimekufundisha mimi. Nitakosaje kukujua?"

"Kwa nini basi hukusema?"

"Wewe una mume. Una ufundi. Yule ningemwaibisha mbele ya watu, angebaki na nini?"

Alimaliza kidole alichokuwa nacho, akaenda kinachofuata. Alinieleza kwamba aliogopa akiacha kukata, mikono itafanya jambo jingine.

"Basi sema sasa, baba. Nimwite yeye, nimwite na mwenye bucha. Useme mbele yao."

"Maji yameshamwagika, mwanangu. Nimekwambia wewe. Si inatosha?"

"Mimi nilikuwa najua, baba," akamjibu. "Si mimi niliyehitaji kuambiwa."

Akakusanya vipande vya kucha kwenye karatasi, akaenda kuvitupa. Kesho yake alirudi na uji kama kawaida, na siku zilizofuata pia, mpaka mzee akakata roho msimu wa mvua ulipoanza. Neno lile alikwenda nalo.

Mazikoni, Meneja alisimama akazungumza kwa niaba ya familia. Alieleza jinsi baba alivyomrithisha ufundi na subira. Sauti ilimkatika kidogo, watu wakamhurumia. Dada yake alikuwa amesimama nyuma na wanawake, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Sikuona chozi. Baadaye gereji iliuzwa kwa mtu wa saruji, Meneja akaondoka tena kwenda kule mbali, na hakumuaga dada yake.

Mwaka jana mwenye bucha alinunua gari jingine, na lilipowashinda mafundi wengine, maji yakamfika shingoni, alilipeleka kwenye ile kona nyuma ya karakana. Mama Kutu alilitengeneza. Mwenye bucha akaona apoze mambo kwa mzaha, akamwambia, "Leo hukuvunja kitu!" Seremala alikuwa akipiga randa karibu. Aliacha randa, akamtazama mkewe. Mkewe alifunga boneti tu, akaenda kunawa.

Watu wa kwao wanamlaumu kwamba bado ana kinyongo na marehemu. Nilimuuliza, kwa kuwa nina umri wa kumuuliza, kama hajamsamehe baba yake.

"Nimemwosha, nimemlisha, nimemzika," akasema. "Hilo la kusamehe wasinitwishe na lenyewe."

Akanywa soda yake ikaisha, akaniuliza kama beringi za gurudumu la mbele zimefika. Nikamwambia bado, apite Jumatatu.