Rusanka Aomba Kulaza Kiti

Rusanka Todeva alilinda geti la reli tangu usichana wake mpaka alipostaafu, na hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwona ameegemea kitu. Kwenye kibanda chake kulikuwa na kigoda kisicho na mgongo. Alikaa hapo wima kama mshumaa wa kanisani. Treni ikikaribia anainuka, anazungusha gurudumu la chuma, geti linashuka, anasimama na kibendera chake, treni inapita, anazungusha tena. Humo ndani ya treni aliwaona watu wamelaza vichwa kwenye mabega ya wenzao, midomo wazi, na kila mara alimhurumia mwenye bega.

Mumewe Mitko alipofariki, watu walikuja kumpa mabega ya kulilia. Yeye akawapa viti wakae.

"Nikikuegemea wewe," alimwambia jirani yake Gina, "wewe utamwegemea nani? Hata ukuta wa nyumba yako umepinda."

"Umepinda kwa sababu nauegemea," Gina akajibu. "Ndiyo kazi ya ukuta, bibi we."

Kila jioni walikaa wawili hao kwenye benchi nje ya ua wa Gina, ubao mtupu usio na pa kuweka mgongo, wakitafuna mbegu za alizeti na kuwasema wapita njia. Gina alikuwa anajiegemeza kwa Rusanka waziwazi. Rusanka hakujiegemeza kwa Gina hata siku moja.

Basi Ognyan, mwana wa Rusanka, aliyekwenda Chicago kupaka rangi nyumba za watu, akapata mchumba huko, binti wa Kibulgaria, na siku ya harusi ikapangwa hukohuko. Sasa kwetu Bulgaria, mama wa bwana harusi ndiye anayeongoza horo ya kwanza, ngoma yetu ya kushikana mikono. Anashika leso juu, bibi harusi anamshika mkono, na ukumbi mzima unafuata nyuma yao, mkono kwa mkono, miguu ikidunda. Mama mkwe asipoongoza horo, watu hawasemi kitu. Wanatazamana tu, na kutazamana huko kunaweza kudumu kuliko ndoa yenyewe.

Tatizo lilikuwa mgongo. Lile gurudumu la geti lilikuwa limeula kidogo kidogo, na Rusanka akikaa sana bila kunyooka, kiuno kilikuwa kinakamata kama mlango uliovimba kwa mvua. Akaenda kwa Daktari Hinova.

"Mama Rusanka," daktari akamwambia, "kwenye ndege kuna kitufe ubavuni mwa kiti. Ukibonyeza, kiti kinalala. Sasa wewe ukikaa safari nzima hivyo unavyokaa hapa mbele yangu, utashuka umekunjika kama kisu cha mfukoni. Hiyo horo utaiongoza ukitazama viatu vya watu."

"Na aliye nyuma yangu je?"

"Aliye nyuma ana kiti chake."

"Nitakuwa nimemlalia magotini, daktari. Mtu nisiyemjua."

"Basi muombe ruhusa. Waungwana huomba."

Rusanka akapeleka kichwa kulia, akakipeleka kushoto. Ndiyo. Kwetu ndivyo tunavyokubali. Tukikataa, kichwa kinakwenda juu na chini, na anayetaka kukataa kabisa anaongeza mlio wa ulimi, "tsk". Ndivyo vichwa vyetu vilivyofungwa shingoni, na hatujaona sababu ya kuvifungua.

Gina aliposikia habari hiyo alicheka mpaka mbegu zikampalia. "Umri huu, shoga, unakwenda kumwomba mwanamume ruhusa ya kulala. Mitko asisikie."

Ndege ndogo ya Sofia mpaka Istanbul haikumsumbua. Hiyo kubwa ya Chicago ndiyo iliyomfanya ajikaze. Alipewa siti ya dirishani. Kando yake alikaa Kuncho, Mbulgaria mwenzake, dereva wa malori huko Marekani, macho mekundu kama bendera yake Rusanka.

"Nimetoka kumsalimia mama yangu kijijini," Kuncho akasema. "Jana wameniaga kwa kuninywesha rakia mpaka asubuhi. Mimi nalala sasa hivi, mama. Ukitaka kupita, ukitaka chochote, nitikise tu."

Rusanka akatikisa kichwa kulia na kushoto, lakini moyoni alijua hatamtikisa. Mtu aliyelala haamshwi, labda nyumba iwe inaungua, tena inategemea ni nyumba ya nani. Kuncho akafunika macho kwa kitambaa, akaziba masikio, akazimika.

Mbele ya Rusanka alikaa bwana mwenye kipara. Taa ya mikanda ilipozimwa tu, bwana huyo bila hodi akashusha kiti chake chote, kipara kikatua karibu na kifua cha Rusanka kama bakuli lililoletwa mezani. Rusanka alikitazama kwa mshangao. Mtu anawezaje kumlalia mwenzake hivyo na bado usingizi ukamjia?

"Huyu hakulelewa na mama," akajisemea. "Amelelewa na kochi."

Naye ndipo akaamua kufanya mambo kwa adabu. Akageuka nyuma. Lilikuwepo jitu. Ndevu za manjano, mabega ya kubeba kengele ya kanisa, na magoti mawili yaliyobanwa kwenye mgongo wa kiti cha Rusanka kama magunia mlangoni. Hata hivyo akaonyesha kiti chake, akalaza kiganja nyuma taratibu, akaweka mkono kifuani, akasema kwa Kibulgaria, neno kwa neno: "Samahani baba, unaniruhusu nikilaze kidogo? Mgongo."

Jitu likatabasamu kwa meno yote. Kichwa kikaenda juu, kikaenda chini.

Hapana.

Rusanka akashukuru hivyohivyo, akageuka mbele, akakaa wima. Wala hakukasirika. Kwa magoti yale, hata yeye angekataa. Kilichomshangaza ni lile tabasamu. Kwetu mtu akikunyima kitu hujikunja uso kidogo, kukusaidia kubeba aibu.

Lazima niseme kwamba Rusanka aliwaona wageni maisha yake yote, lakini kwenye televisheni. Na kwenye televisheni maneno ya wageni hutafsiriwa. Kichwa hakuna anayekitafsiri.

Saa zikapita. Kiuno kikaanza kugonga hodi. Rusanka akasogea upande mmoja, akasogea mwingine, akajisukuma juu kwa mikono. Mara akaguswa begani. Lile jitu limeinama mbele, linaonyesha kiti chake, linalaza kiganja nyuma kama alivyolaza yeye, na kichwa juu, chini, juu, chini, kwa nguvu, na ndevu zinapepea.

"Nimekusikia, baba," Rusanka akanong'ona. "Nimekusikia tangu mwanzo. Sijakigusa."

Ikabidi ampooze. Ndani ya mfuko wake chini ya siti alikuwa na banitsa aliyooka alfajiri, mkate wa jibini wa tabaka tabaka, akakata kipande kizuri, akakipitisha nyuma juu ya kiti. Jitu likala. Likafumba macho. Likaguna kama dubu mbele ya mzinga, na kichwa juu, chini, juu, chini.

Hiyo sasa ilimuuma kuliko kiuno. "Anasema si tamu," Rusanka akajisemea, "na hata makombo ameokota."

Wakati huo nje ya dirisha mambo yalikuwa yanabadilika. Saa yake ya mkononi, ambayo alikataa kuigeuza, ilisema Gina amekwishafungia kuku na kuingia ndani. Lakini jua lilikuwa bado linawaka, lenyewe lilikuwa linakimbizana na ndege na halikubali kushindwa. Akasogeza uso kwenye kioo, na alichokiona huko chini kikamfanya asahau hata kiuno. Weupe. Hakuna mashamba, hakuna barabara. Milima imechomoza vichwa kwenye barafu kama watu waliozama kwenye maziwa mpaka puani, na vivuli vyao virefu, vya buluu, vimelala kimya juu ya weupe huo mpaka macho yanaishia. Alitafuta reli kwa mazoea. Hapakuwa na reli. Dunia nzima imeachwa wazi, hakuna geti, hakuna wa kulishusha, na bado kila kitu kiko mahali pake.

Akajipinda ili aone zaidi, na kiuno kikakamata.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti, na Kuncho akaamka akishika usukani usiokuwepo.

"Nini, mama?"

"Hakuna kitu. Lala."

"Umekuwa mweupe kama hiyo barafu. Mbona hujalaza kiti?"

"Niliomba," Rusanka akasema, meno yamebana. "Bwana wa nyuma hataki. Ameninyima mara mbili. Na banitsa yangu pia ameikataa, baada ya kuila."

Kuncho akageuka, akaongea na jitu kwa Kiingereza. Jitu likajibu maneno mengi, mikono wazi, uso umejaa huzuni. Kuncho akaanza kutetemeka mabega kwa kicheko. Akavua kitambaa cha macho, akajifutia machozi kwacho.

"Mama, huyu mtu anakupa ndiyo tangu Istanbul."

"Nimemwona kwa macho yangu. Juu, chini."

"Kwao hiyo ndiyo ndiyo. Anasema amekuruhusu ukakataa kulaza. Akakuona unaumia, akakubembeleza, ukamgeuzia kisogo. Anauliza amekukosea nini. Na anauliza kama ile banitsa imebaki."

Rusanka akageuka polepole, kadiri kiuno kilivyomruhusu, akayatazama yale magoti. Yalikuwa yamebanwa vilevile. Mtu mwenye magoti hayo, ambaye hakuwa na hata upana wa kidole wa kugawa, alikuwa ameketi nyuma yake siku nzima akimsihi achukue. Na yeye alikuwa amesoma ukarimu wote ule kama mlango uliofungwa. Akamtazama kama alivyoitazama ile barafu.

"Mwambie nalaza," akasema. "Kidogo tu. Akiumia apige kiti."

Akabonyeza kitufe. Kiti kikaanza kwenda, naye akawa anakizuia kwa shingo, kama mtu anayeshuka kisimani. Kisha akaachia. Ule uzito wote ambao hakuwahi kumwekea Mitko, wala Gina, wala ukuta, ukaenda nyuma, ukakuta magoti ya mgeni, na magoti hayakusema kitu. Kiuno kikafunguka. Kutoka alipolala hakuiona tena barafu, aliona anga tu, nyeusi kidogo kule juu kabisa ingawa ni mchana, na aliitazama mpaka machozi yakamlenga, akasingizia mwanga.

Chakula kilipoletwa, aliinua kiti haraka, bila kuambiwa, ili mwenzake apate meza yake. Jitu likatikisa kichwa kulia na kushoto, kumwambia asijisumbue.

"Ndiyo, ndiyo, naona umefurahi," Rusanka akamwambia, na Kuncho akachoka, hakutafsiri.

Horo aliiongoza. Ognyan ana picha: leso iko juu, mgongo umenyooka kama zamani za kibendera, na nyuma ya bibi harusi kuna mstari wa watu uliozunguka ukumbi ukatokea mpaka kwenye ngazi. Wanaojua wanasema aliizungusha mara ya pili, wapiga ngoma walipokuwa wanataka kunywa maji.

Alirudi kijijini vuli ilipoanza. Jioni hiyohiyo akakaa kwenye benchi, Gina upande wa kulia, mbegu za alizeti katikati. Akasimulia barafu, akasimulia jua lililogoma, akasimulia magoti. Kisha akazisogeza mbegu pembeni.

"Gina. Nikijilaza kwako, utaniruhusu?"

Gina akaacha kutafuna. Akamtazama mwenzake huyu wa miaka yote, halafu akapeleka kichwa kulia, akakipeleka kushoto.

"Sema kwa mdomo," Rusanka akamwambia. "Mimi vichwa siviamini tena."

"Laza huo mgongo wako, bibi we, kabla sijabadili mawazo."