Kapteni Ndoo anayetamani kuachwa peke yake angani

Jua halijapata makali, lakini suruali yake imekwishalowa magotini. Amepiga goti chini ya bawa la ndege ndogo ya mafunzo, anasugua wadudu walioganda kwenye ukingo wa mbele. Anatumia kitambaa na vidole. Brashi, anasema, hukwaruza rangi.

"Kapteni Ndoo!" mlinzi wa lango anamwita. "Leo unapaa na sabuni gani?"

"Ya unga, mzee wangu. Ya kipande imeniangusha mara mbili."

Wanacheka wote wawili. Hata hivyo, mara mbili hizo si mzaha. Mwosha ndege huyu wa miaka thelathini na minane anasomea urubani katika chuo hichohicho kilichomwajiri. Ameshindwa mara mbili jaribio la kuruhusiwa kuruka peke yake, na kanuni ya chuo haina huruma: akishindwa mara ya tatu, anafunga virago.

Mshahara wake wa mwezi, ikishatoka kodi ya nyumba na chakula, humpatia saa moja tu ya kuruka. Wenzake alioanza nao walihitimu zamani.

"Mmoja hunipungia mkono kutoka dirisha la rubani," anasema huku akikamua kitambaa. "Nami nampungia. Halafu naosha ndege aliyotoka nayo."

Kwa kuwa saa za angani ni adimu, hujifunza jikoni kwake. Viti viwili vya plastiki huwekwa bega kwa bega. Mwiko ndio usukani. Ndala mbili sakafuni ndizo pedali. Kiti cha mwalimu hukaliwa na mkewe, fundi cherehani, ambaye hajawahi kupanda ndege yoyote lakini hatua zote amezikariri.

"Mama watoto ana roho ngumu kuliko mwalimu," mume analalamika. "Uko katikati ya kona, anakwambia injini imezimika."

"Kwani za kweli hazizimiki?" mke anamkatiza. "Au ulitaka nikubembeleze, baba watoto?"

Katika jaribio la pili, upepo ulivuma kutoka ubavuni. Ndege iligusa lami, ikadunda kama mpira, ikagusa tena. Njia salama ilikuwa kuipa injini nguvu, kupaa na kuzunguka upya. Yeye alikaza mikono, akang'ang'ania kutua.

"Mwalimu alisema neno moja tu, 'Niachie.' Nikaachia usukani," anasimulia. "Mpaka leo nikishika kijiko nalisikia."

Wiki nzima viti vya jikoni vilibaki vimepachikwa kimoja juu ya kingine. Kisha mke, akikunja nguo za wateja, akamuuliza: "Hapa nyumbani, umewahi hata siku moja kushindwa kutua?"

Alifikiri. Hakuwahi. Safari zote za kitini ziliisha salama, mke akapiga makofi, wakaenda kula. Mikono yake haikuwahi kufundishwa kughairi.

"Nikamwambia, basi kosa ni letu sote," mke anasema. "Mpiga makofi si nilikuwa mimi?"

Sasa mambo jikoni yamebadilika. Akikaribia kutua, mke hupaza sauti, "Paa!" naye hana budi kupaa, kuzunguka na kuanza upya, hata chakula kikipoa mezani. Jirani aliwahi kubisha hodi akidhani wanagombana.

Mwalimu wake, mama mwenye mvi asiyepoteza maneno, hampi ahadi. "Kutua anajua," anasema. "Nangoja kumwona akikataa kutua."

Jaribio la tatu ni wiki ijayo, upepo ukiruhusu.

Akiulizwa kama anaota ndege kubwa na sare yenye mistari mabegani, anatikisa kichwa. Ndege ya mwanafunzi mwingine inaondoka. Anaacha kazi, anaifuata kwa macho mpaka inakuwa nukta, kisha si chochote.

"Hayo ya baadaye," anasema taratibu. "Mimi nataka siku moja mwalimu ashuke, injini ikiwa bado inanguruma. Afunge mlango kwa nje. Halafu aende zake, bila kugeuka nyuma."