Mfuko wa Shati la Baba

Mdogo wangu alipopata mchumba Butiama, kazi ya kushona mashati ya wanaume wa ukoo ilinifikia bila mtu kuniuliza kama nina nafasi. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Musoma, karibu na soko la samaki la Mwigobero, na siku za soko harufu ya dagaa huingia mpaka kwenye nguo ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua. Nyumbani kwetu ni Bunda, kwa wakulima wa pamba na ng'ombe. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni wanaume wote wangevaa sare: shati la kitenge cha bluu chenye maua makubwa ya njano.

Mdogo wangu alinipigia simu kabla sijashika mkasi.

“Dada, mashati yasiwe na mifuko,” alisema. “Shati la mfuko linakuwaga kama la mwalimu mkuu. Halafu yale maua ukiyabandikia mfuko yanakatika.”

Sikubishana naye, na moyoni nilifurahi. Mfuko juu ya kitenge cha maua makubwa ni kazi ya kuumiza macho. Lazima utafute kipande chenye ua linalofanana na lile la chini yake, ukipange mpaka mistari ikutane, na ukikosea kidogo tu shati zima linaonekana limeshonwa gizani. Kitambaa nacho kinaliwa. Nikamwambia sawa, hakuna mifuko.

Vilibaki vipimo vya baba. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata kiharusi. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, lakini mkono wa kulia ulibaki unaning'inia tu. Vipimo vyake vya zamani nilikuwa navyo kichwani, ila mwili wake ulikuwa umepungua, kwa hiyo nikapanda basi kwenda Bunda na tepu yangu kwenye mkoba.

Nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba, kiti amekigeuza kuelekea shambani. Baba huniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake mzazi.

“Mama, usijisumbue kunipima,” alisema hata sijatoa tepu. “Ataenda baba yenu mdogo. Yeye anajua kuongea na watu.”

“Baba, anayeoa ni mtoto wako.”

“Najua ni wangu. Mwambie nimempa baraka zote. Lakini siendi.”

Alisema kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionitisha. Baba ninayemfahamu angebisha kwanza.

Jikoni mama alinieleza. Walikwenda kwenye msiba wa jirani, na mzee mmoja ambaye hakuwa na habari za ugonjwa akamnyooshea baba mkono. Baba asingeweza kumpa mzee mwenzake mkono wa kushoto. Akaushika ule wa kulia kwa mkono mzima, akaunyanyua, akampa yule mzee kama mtu anayekabidhi kitu cha mwingine. Watoto wakakodoa macho. Tangu siku hiyo hakutoka tena nyumbani. Kile kitambaa alichopewa hospitali cha kutundikia mkono shingoni kilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Alikuwa amesema kinamkata shingo na kinamfanya aonekane ametoka wodini jana.

“Naweza kumwekea mfuko kwenye shati,” nilimwambia mama. “Mkubwa, hapa mbele, mkono ukae humo.”

Mama aliacha kukoroga mboga. “Mtu aingie ukweni mkono uko mfukoni? Watasema tumewapelekea dharau.”

Hilo nalo lilikuwa kweli. Sisi tulilelewa kwamba ukiongea na mkubwa mkono wako uko mfukoni, unatafuta kofi. Baba mwenyewe ndiye alikuwa akitutoa mikono mifukoni. Na si hilo tu: shati la baba likiwa na mfuko na ya wengine hayana, kila mtu ataangalia pale pale ambapo baba hataki paangaliwe.

Nilimpima hata hivyo. Alikubali, nadhani kwa sababu alichoka kunikatalia. Niliporudi Musoma nikaenda moja kwa moja kwa muuza vitenge kutafuta nyongeza ya kitambaa, ili kama ni mifuko basi iwe ya wote. Jora lile lilikuwa limekwisha, na yeye hakujua kama lingine litakuja. Nikakata mashati yote bila mifuko, kama mdogo wangu alivyotaka. Kilichobaki kilitosha mfuko mmoja mkubwa.

Kile kipande kilikaa mezani siku kadhaa. Nilikuwa nikikitazama huku nashona kola za wengine. Wakati mwingine niliona ni huruma, wakati mwingine niliona ni kumtangaza baba. Mwishoni niliamua nitaushona, lakini kwa sindano ya mkono, mishono mirefu, ili akikataa niufumue palepale pasibaki alama.

Kuushona nako hakukuwa rahisi. Niliuweka tumboni, juu kidogo ya kiuno, mdomo wake umelala upande, ili mkono uingie kama wa mtu aliyejishika tumbo baada ya kula. Ndani nikaweka kitambaa laini cha pamba, kucha zisishike. Kisha nikalivisha shati lile sanamu la dirishani na kutumbukiza mfukoni furushi la dagaa nililoazima kwa mama muuza dagaa wa kibanda cha jirani. Kola ikavutwa upande wa kulia, vifungo vikaachama. Mkono wa mtu mzima ni mzito kuliko unavyofikiri, na kitenge peke yake hakiwezi kuubeba.

Nilifumua. Nikashona utepe mpana na mgumu kwa ndani, kutoka kwenye mfuko kupanda mpaka bega la kushoto, upande wa pili, ili uzito ubebwe na bega zima. Nikarudisha furushi. Safari hii kola ikatulia. Mama wa dagaa aliuliza ni shati la nani linalohitaji kubeba mboga. Nikamwambia ni la baba yangu, akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha kucheka.

Siku chache kabla ya safari ya Butiama nilirudi Bunda. Mdogo wangu naye alikuwepo, amekuja kuchukua mashati. Nilimpa baba la kwake nikijidai ni kujaribu urefu tu. Mama alimsaidia kuvaa. Baba aliuona mfuko mara moja. Alitazama mashati ya wengine yaliyokunjwa kitandani, akatazama tena tumboni kwake.

“Hiki nini?”

“Ni mfuko, baba. Usipoupenda nautoa sasa hivi. Mkasi ninao.”

Alichukua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauongoza taratibu mpaka mdomo wa mfuko, akauingiza. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi, nikisubiri aniambie nitoe.

“Baba?”

“Subiri kwanza.”

Alifumba macho. Nikaona shingo yake inalegea, na ile kona ya mdomo aliyokuwa akiikaza tangu atoke hospitali ikaachia.

“Bega limenyamaza,” alisema.

“Bega gani?” mama aliuliza.

“Hili la kulia. Linaniumaga tangu siku ile niliporudi kutoka hospitali. Mkono unalivuta mchana kutwa, kama mtu amenitundikia ndoo ya maji. Nikitembea ndiyo linazidi.”

Mama alikaa kitandani, juu ya mashati tuliyokwisha kuyapiga pasi. “Na hukusema.”

“Mlikuwa mmeshahangaika sana.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi wote tulidhani ni aibu iliyomfungia ndani, na aibu ilikuwepo kweli, lakini chini yake kulikuwa na maumivu ambayo hakutaka kutubebesha. Siku ya msiba, alituambia baadaye, alipounyanyua mkono ule mbele za watu, bega lilimuuma mpaka akaona giza. Aliamini kiti cha nyuma ya nyumba ndicho dawa pekee.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akakohoa. “Dada, basi tuweke mifuko kwenye yote. Baba asiwe peke yake.”

“Kitambaa kimekwisha,” nilimwambia. “Na lile jora halipo tena.”

“Ya wengine yaacheni,” baba alisema. “Wao mikono yao inafanya kazi.”

Mama alikumbusha habari za ukweni, kwamba watu watauona mkono mfukoni kabla hawajasikia maelezo. Baba akasema maelezo atayatoa mwenyewe, mdomo wake haukupooza. Usiku ule nikafumua mishono mirefu na kuushona mfuko kwa cherehani ya mama, mara mbili kuuzunguka.

Butiama tulipokelewa vizuri. Uwanja umefagiwa, viti vimepangwa kivulini, kina mama wa pale wanaimba. Mimi sikusikia wimbo vizuri. Nilikuwa nyuma na kina shangazi, macho yangu kwenye mgongo wa baba. Alitembea mbele ya wanaume wetu, mkono wa kulia mfukoni, na niliona wawili watatu wa upande wao wakiutazama, kisha wakitazamana.

Aliyekaa kiti cha kwanza alikuwa bibi wa binti, mzee sana, mwenye fimbo magotini. Baba alisimama mbele yake, akainama.

“Shikamoo mama. Unisamehe, leo nakusalimia na mkono wa kushoto. Wa kulia umelala. Huyu binti yangu fundi ameushonea kitanda.”

Bibi aliutazama mfuko. Akanyoosha kidole, akaugusa mshono pembeni, akaufuata mpaka chini kama mtu anayekagua nguo sokoni.

“Marahaba, mwanangu,” alisema. “Basi usiuamshe.”

Akaushika mkono wa kushoto wa baba kwa mikono yake yote miwili na kuung'ang'ania, huku anamuuliza habari za Bunda, mvua, ng'ombe. Watu wakacheka kicheko kizuri. Baba wa binti akasogeza kiti chake mwenyewe, chenye mikono ya mbao, akasema mgeni akae hapo aegemee. Kuanzia hapo hakuna aliyeuangalia mfuko tena. Baba mdogo alikuwa amejiandaa kusema kwa niaba yetu, lakini zamu ilipofika baba alisimama mwenyewe akaongea, polepole, kwa ile sauti yake ya zamani ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau. Alimsifu binti wa watu, akamtania mdogo wangu, akaomba tupokewe. Tukapokewa.

Jioni tulipoondoka, baba alisinzia kwenye gari kabla hatujafika barabara kubwa. Mama alivua viatu akanyoosha miguu. Mdogo wangu alikuwa akiongea na mchumba wake kwa simu, ingawa walikuwa wameagana muda huo huo. Mimi nilihisi taya zinaniuma, nikagundua nilikuwa nimezikaza tangu asubuhi. Nikagundua pia kwamba pale ukweni, pamoja na vyakula vyote vile, sikuwa nimetia kitu mdomoni.

Wenyeji walikuwa wametufungashia samaki aina ya sato wa kukaanga na ugali wa muhogo. Nilifungua furushi magotini kwangu, nikamega ugali uliokwisha kupoa, na sikumbuki kama nimewahi kula sato mtamu kama yule.