Swali Nililouliza kwa Kisukuma

Nilipoteuliwa kuwa jaji na kupangiwa Shinyanga, ndugu zangu wa Kagongwa walifurahi kuliko mimi. Mtoto wa kwetu amerudi, walisema, huyu atatusikia. Wenzangu kazini walinitania kwamba kesi za mauaji za huku hazimfai mwanamke, nitalia mshtakiwa akinitazama. Sikulia. Mimi nina hasira, machozi sina, na nilijivuna kwamba nawajua watu wangu.

Kesi ninayoikumbuka kila nikivaa joho niliisikiliza Geita, nilikotumwa kwa kikao cha kesi za mauaji. Bibi mmoja mjane aliuawa kijijini kwake, njia ya kwenda Chato, kwa kuitwa mchawi. Ulipigwa mwano, yowe la Kisukuma ambalo mwanamume akilisikia lazima atoke mbio na silaha yake. Asiyetoka hutengwa: hapewi moto, haazimwi jembe, akifiwa anazika peke yake. Walitoka wengi. Aliyeshtakiwa alikuwa mmoja, mfugaji kijana mwenye watoto wawili, kwa sababu mjukuu wa marehemu alimtambua yeye tu. Alimwona amesimama na fimbo. Hakumwona akipiga.

Kusimama si kuua. Na adhabu ya kuua kwa kukusudia ni moja, kunyongwa hadi kufa, jaji hana pa kupunguza. Kwa hiyo uhai wa yule kijana ulitegemea jambo moja tu, kama fimbo ile ilishuka au haikushuka.

Wakili wake alikuwa amemwandaa vizuri. Kijana alieleza kwamba aliitikia mwano kama desturi inavyotaka, akakuta watu wamejaa, akarudi kwa ng'ombe wake. Wakili wa Serikali akamuuliza maswali matatu ya kivivu, akaketi. Kesi ilikuwa imekufa pale pale. Ningefunga daftari langu tu, kijana angerudi kwa watoto wake.

Lakini alikuwa anahangaika na Kiswahili, karani akimtafsiria nusunusu, nikamhurumia. Sheria inamruhusu jaji kuuliza apate ufafanuzi. Haimtumi awazibie waendesha mashtaka matundu waliyoyaacha, na hilo nililijua. Nikavua miwani, nikamsalimu, "Mwangaluka, baba." Uso wake ukakunjuka. Akainama, akajibu, "Mwangaluka, mayu," yaani mama. Ndipo nikamuuliza kwa Kisukuma, taratibu, kama ningemuuliza mdogo wangu sebuleni, "Ulipofika pale, wewe ulifanya nini?"

Wakili wake alisimama, lakini alichelewa.

"Nilimpiga mara moja, mayu. Mgongoni. Alikuwa bado anapumua. Wenzangu walikuwa wananitazama, nisingempiga wangesema mimi ni wa kwake."

Kwetu mama akikusalimu kwa heshima, akakuuliza, humdanganyi. Hilo nalo nililijua, tena nimelelewa nalo. Kumbukumbu za shauri nilikuwa naziandika kwa mkono wangu, na jibu lile nililiandika lote, hata lile neno mayu.

Watu nje ya mahakama walisema mdomo umeponza kichwa. Nilikasirika, maana aliyeufungua mdomo ule ni mimi. Sisemi bibi yule hakustahili haki. Mjukuu wake alilia mpaka akatolewa nje. Lakini waliompiga mpaka akakata roho wanachunga ng'ombe hadi leo, kwa sababu hakuna aliyewasalimu. Baadaye rufaa ya kijana ilitupwa. Majaji wa rufaa waliandika kwamba jibu lake kwa swali langu lilitosha peke yake kumtia hatiani. Hajanyongwa bado. Anasubiri, na kila anaposikia funguo mlangoni sijui anawaza nini.

Siku ya hukumu nilimuuliza, kama utaratibu unavyotaka, kama ana la kusema kabla ya adhabu. Hakulia wala hakuomba huruma. Alinitazama.

"Nilikujibu ulichoniuliza, mayu," alisema.

Nikavaa miwani, nikamsomea adhabu kwa Kiswahili, karani akamtafsiria.