Maneno ya Jiwe la Amos Leadley

Tamar Leadley, jirani yangu hapa Whitby, mji wa wavuvi pwani ya Uingereza, ulimi wake ulikuwa pilipili. Mikono yake ilijaa makovu ya ndoana alizotia chambo tangu utotoni. Shule hakuikanyaga, na hilo alilificha kama mtu anavyoficha kidonda.

Baba yake, Amos, alizama akivua, na mwili haukupatikana. Mama akasimamisha jiwe kule juu kanisani, kaburi tupu, naye akafariki Tamar akiwa na miaka tisa. Kilichoandikwa pale Tamar hakukijua, na kuuliza aliona haya.

Kiangazi kimoja alimkuta mgeni wa London ameinama pale, anapapasa herufi zilizoliwa na upepo wa chumvi na kuzinakili daftarini. Mgeni akamwuliza maneno yale yana kisa gani. Tamar, kwa kuogopa kuumbuka, akamfukuza.

"Nenda kasome makaburi ya kwenu, bwana."

Miaka saba baadaye mgeni yule akatoa kitabu cha maiti anayeamka kunyonya damu za watu, tena katika mji wetu huu. Mhubiri alikikataza, kwa hiyo sote tukakisoma. Watalii wakaanza kuuliza kaburi la zimwi liko wapi, na Tamar, kwa hasira, akawaelekeza kwenye jaa la matumbo ya samaki.

Kisha likaja tangazo la kanisa: mawe ya makaburi yasiyosomeka yatang'olewa, yatumike kujengea ngazi. La Amos lilikuwa limelika likawa laini kama sabuni. Tamar akaja kwangu.

"Sijui kusoma, Dinah," akasema. "Na baba hana kitu kingine duniani ila lile jiwe."

"Najua hujui. Gazeti unalishika kichwa chini mwaka wa ishirini huu."

Akacheka, kisha akalia. Nikamwandikia yule mwandishi kumwomba maneno aliyoyanakili, ingawa sikutegemea jibu. Wakubwa wana mambo yao. Baada ya wiki mbili ikaja bahasha, na ndani yake ukurasa uliochanwa daftarini. Nikamsomea.

"Amos Leadley. Alikwenda baharini tarehe tatu Machi, 1851. Njoo saa yoyote, Amos. Mlango sijaufunga."

Chini yake mgeni aliandika kwamba kitabu chake chote kilizaliwa hapo. Alijiuliza, je, mlango ule akiingia mwingine, asiye Amos?

Tamar hakujali zimwi. Utoto wake wote alimlaumu mama kwa uzembe, maana walilala mlango bila komeo na baridi ikiwakata mifupa.

"Mungu ambariki yule bwana," akasema. "Mimi nilimfukuza, naye akanitunzia mama yangu."

Fundi alipomaliza kuchonga upya, Tamar alipitisha kidole kwenye kila herufi. Kitabu kile aliendelea kukiita upuuzi, lakini kilikaa mezani kwake mpaka anakufa, na komeo la mlango wake tulilikuta limeshika kutu kwa kutofungwa.